Tekla wa Chupa na Stika za Landrova

Landrova ya wagonjwa ilirudi kituo cha afya siku ya Jumanne, baada ya kutoonekana kwa siku ishirini na mbili, ikiwa na vumbi la vijiji tisa na sura kumi na nne za mtu mmoja. Mbili zilikuwa kwenye dashibodi, moja katikati ya usukani, nyingine zimetapakaa milangoni na migongoni mwa viti. Kubwa kuliko zote ilibandikwa darini, juu ya kitanda cha mgonjwa, mahali ambapo mtu aliyelala chali hana pengine pa kutazama. Mgombea alikuwa anacheka. Chini ya kidevu chake paliandikwa kwa herufi nyekundu: ANAWAJALI.

Tekla alilisoma neno lile, akalisoma tena. 

"Shikamoo, mama."

Ni Alphonce, mganga mfawidhi, kijana ambaye Tekla angeweza kumzaa. Mikono ilikuwa mfukoni.

"Marahaba, Daktari."

"Umeyaona haya? Uchaguzi umekwisha, bwana mkubwa kashinda, katurudishia gari letu. Sasa, Alhamisi mkaguzi anatoka wilayani. Stika zote zitoke. Na isibaki alama, mama, hata kivuli cha gundi. Kazi hii hakuna anayeiweza kama wewe."

Angemtukana, ingemuuma kidogo kuliko sifa ile.

Maana kweli hakuna aliyeiweza. Kabla hajawa mhudumu hapa ng'ambo ya mto, kupita Kivukoni, Tekla alikaa miaka kumi na sita Ifakara, kwenye chumba cha dawa cha misheni, akiosha chupa. Dawa ya maji wakati huo ilitiwa kwenye chupa yoyote mgonjwa aliyokuja nayo: ya bia, ya soda, ya mafuta ya nywele. Kila chupa ilikuja na karatasi yake, na karatasi ilikuwa lazima itoke, mtoto asije akanyweshwa dawa ya kidonda kwa sababu chupa ina picha ya chungwa. Hapo ndipo alipopata jina la Tekla wa Chupa. Na hapo ndipo alipojifunza kwamba gundi zina tabia kama watu. Iko inayolegea kwa maji, iko inayotaka joto, iko isiyosikia la mtu mpaka ipakwe mafuta. Lakini hakuna gundi iliyowahi kumheshimu mwenye kisu. Kisu huondoa karatasi na kuacha kovu.

Egidius, dereva, alikuja na kisu na kopo la petroli.

"Weka chini hivyo vitu," Tekla alisema.

"Mama, tutamaliza lini? Nakwangua, napitisha petroli, tunakwenda kula."

"Petroli italila hili plastiki mpaka lifanane na ngozi ya kenge. Halafu kesho mtasema ni Tekla."

"Basi tumbembeleze mheshimiwa. Pengine akiimbiwa atashuka mwenyewe."

"Mwimbie wewe. Si ndiye uliyekuwa unamwendesha?"

Egidius akaokota kopo lake. Alikwenda kumwaga petroli kwenye tangi, akarudi na sufuria ya maji ya moto bila kuagizwa.

Tekla aliliacha gari juani milango imefungwa, mpaka ndani kukawa kama tanuri. Ndipo alipoingia. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakilaza juu ya sura ya kwanza, akahesabu taratibu mpaka sitini. Kisha akainua pembe moja kwa ukucha, akaivuta akiilaza nyuma juu ya mgongo wake yenyewe, polepole, kama mtu anayemvua mtoto shati bila kumwamsha. Palipogoma hakulazimisha, alirudisha kitambaa. Stika ikabanduka nzima. Gundi iliyobaki aliipaka mafuta ya nazi, akaiacha inywe, halafu akaizungushia tonge la ugali wa moto mpaka tonge likaiokota yote. Akamaliza kwa maji ya sabuni na kitambaa kikavu. Pakawa kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu.

Kwa mazoea ya chumba cha chupa, stika iliyotoka aliilaza chali kwenye sinia, gundi juu. Halafu akaendea ya pili.

Mikono ilikuwa mipole, lakini moyo ulikuwa unachemka kuliko ile sufuria. Siku ya tisa ya safari ya mgombea, kijana alikuja mbio kwa baiskeli kutoka kwa Makoye, Msukuma mwenye boma kule mbugani. Mke wa Makoye, Mama Seni, ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, tunaomba gari. Alphonce alisimama mlangoni, akamwambia kijana yule: gari ni bovu. Tekla alikuwa nyuma yake na fagio mkononi. Alilisikia neno, na hakusema kitu. Makoye akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Walipofika, mama alikuwa hai. Mtoto hakuwa.

Na siku ileile gari lilikuwa zima, linazunguka na spika juu yake.

Jumatano asubuhi, Tekla akiwa kwenye stika ya kumi, kivuli kikaanguka mlangoni. Mama Seni alikuwa amekuja kupimwa. Alisimama ameshika nguzo ya mlango, amekonda, khanga imefungwa kifuani kwa nguvu kama mtu anayejibana asimwagike. Makoye alikuwa nyuma yake na fimbo begani.

"Shikamoo," Mama Seni alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Mama Seni alichungulia ndani. Alikuwa anatazama viti, usukani, kile kitanda. Akainua macho mpaka darini, kwa yule anayecheka.

"Kumbe gari lipo," alisema.

Basi. Hakulia, hakupaza sauti. Makoye alisema kitu kwa Kisukuma, akamshika kiwiko, wakaenda zao kwenye foleni. Tekla akabaki ameshika kitambaa kinachopoa.

"Egidius!" aliita. "Egidius, njoo hapa! Kitabu cha safari kiko wapi?"

"Mama, kitabu hakikuhusu."

"Nipe kitabu!"

Dereva alikitoa chini ya kiti. Kilikuwa daftari refu lenye jalada gumu, kila siku ina mstari wake. Tekla alisoma darasa la nne tu, lakini mwandiko wa Alphonce aliujua. Siku ishirini na mbili, mistari ishirini na mbili, kwa kalamu moja na wino mmoja: *Gari bovu. Halikusafiri. Gari bovu. Halikusafiri.*

"Na wewe ukaweka sahihi?"

"Mama, nina watoto watano. Nikiambiwa endesha, naendesha."

"Na ukiambiwa fumba mdomo?"



Tekla aliketi kwenye ngazi ya nyuma ya Landrova. Sasa alielewa alichotumwa. Si kusafisha gari. Alphonce ameandika uongo kwa kalamu, na yeye, Tekla wa Chupa, anaumalizia kwa mafuta ya nazi. Akifanya kazi vibaya, gari la wagonjwa litaharibika na yeye atafukuzwa. Akiifanya vizuri, hakuna atakayejua kwamba gari lilitoka, na Mama Seni atakuwa mwanamke aliyechelewa kuja hospitali, kama wanavyosema siku zote juu ya watu wa mbugani. Mkono wake stadi ndio utakaomzika yule mtoto mara ya pili.

"Wanafikiri mimi ni sabuni," alisema kwa sauti. "Sabuni haina macho!"

"Mama, tafadhali, punguza sauti."

"Nilipunguza siku ile na fagio langu. Ilimsaidia nani?"

Aliinuka, akaenda kuchemsha maji mengine. Alimaliza stika zote, ya darini mwisho, amelala chali kwenye kitanda cha wagonjwa, maji ya moto yakimdondokea shingoni. Tatu zilichanika. Kumi na moja zilitoka nzima, na gundi yake bado hai. Kabla jua halijashuka alifungua kitabu cha safari juu ya goti, akaanza kubandika.

Alhamisi mkaguzi alikuja, mwanamke mfupi mwenye miwani, anaitwa Bibi Merina. Alphonce alimfungulia mlango wa Landrova mwenyewe. Mkaguzi alipitisha kidole kwenye dashibodi, akakitazama.

"Safi sana. Nani anayelitunza?"

"Huyu mama yetu," Alphonce alisema, akitabasamu. "Fundi wetu."

"Nipatie kitabu."

Egidius alikitoa chini ya kiti. Bibi Merina alifunua, akafunua, akasimama. Juu ya maneno *Gari bovu* mgombea alikuwa anacheka. Mstari unaofuata anacheka. Ukurasa wa pili anacheka. Kwenye siku ya tisa ilibandikwa ile kubwa ya darini, na chini ya ANAWAJALI paliandikwa kwa mwandiko wa darasa la nne: *Mke wa Makoye aliomba gari. Alikuja kwa mkokoteni. Mtoto alifariki.*

Tabasamu la Alphonce lilibaki usoni kwa muda, kama kitu alichosahau kukiondoa.

"Nani amebandika hizi?" mkaguzi aliuliza.

"Ni mimi," Tekla alisema. "Niliambiwa nizitoe ndani ya gari bila kuacha alama. Nimezitoa. Tafuta alama humo, hutaiona. Zilizotoka nzima zote ziko hapo."

"Mama, wewe ni mhudumu tu," Alphonce alisema, sauti imempasuka, "hujui unachofanya!"

"Najua gundi, Daktari."

Bibi Merina alifunga kitabu, akakitia kwapani, hakukirudisha kwa mtu yeyote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa huyo Makoye ni mbali?"

"Kwa mkokoteni wa ng'ombe ni mwendo wa saa sita," Tekla alijibu. Egidius alikuwa ameshapanda, anatafuta ufunguo mfukoni. "Kwa gari hili ni robo tatu ya saa."