Thamostati ya Nyu Shepu

Hapa Kawangware 46, Nairobi, ambako nimetengeneza magari tangu nikiwa na nywele zote kichwani, hatusemi toleo jipya la gari. Tunasema nyu shepu. Kampuni ikiacha gari la zamani na kuleta lingine lenye jina lilelile, sisi tunaangalia taa za mbele, tunaangalia mgongo, tunaamua: ile ni oldi shepu, hii ni nyu shepu. Yaani kilichobadilika ni umbo tu, ndani ni mambo yaleyale. Neno hilo lilinipumbaza, na aliyeumia hakuwa mimi.

Ile sedani ndogo ya Kijerumani, ya kifahari, ya oldi shepu, niliijua kama mfuko wa suruali yangu. Pampu ya maji ilizungushwa na mkanda. Kwenye dashibodi kulikuwa na mshale wa joto ambao hata dereva mlevi angeuona ukipanda. Na ilikuwa na thamostati, kile kifaa kidogo kinachozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Sasa, mafundi wa huku tuna desturi: thamostati tunaitoa. Gari likija kwa ajili ya breki, tunaitoa. Likija kwa ajili ya honi, tunaitoa. Kisha tunajaza maji ya mfereji. Waliotufundisha kazi walisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi, nasi hatukuwauliza zaidi. Nilikuwa na debe zima la thamostati chini ya benchi, na nilijivunia debe hilo, nisiseme uongo.

Nyu shepu ilipoanza kuonekana mtaani, ilipokelewa kwa mabishano. Wenye oldi shepu walinung'unika kwamba imenenepa, kwamba usukani umekuwa mwepesi mno kwa kuwa sasa unasaidiwa na umeme, kwamba injini ya silinda sita imetolewa ikawekwa ya nne yenye tabo ya kuiongezea nguvu. Wengine waliisifu: kiti cha nyuma mtu ananyoosha miguu, na mafuta inakula kidogo. Mimi nilisimama katikati yao nimekunja mikono kama hakimu. "Ni ile ile," nikawaambia. "Wameipaka poda tu."

Aliyeniletea ya kwanza alikuwa rafiki yangu, dereva aliyeishi Sarang'ombe kule Kibera. Alikuwa amemwendesha tajiri mmoja miaka mingi, na tajiri huyo alipohama nchi alimwachia gari, likaandikwa kwa jina lake. Kwao ni upande wa ziwa, na mke wake ni wa kwetu magharibi, kwa hiyo aliniita shemeji ingawa hatuna undugu wowote. Kwake hakukuwa na pa kuliegesha, akaliacha gereji kwangu. Kila asubuhi alikuja kulipangusa kabla hajaenda kutafuta kibarua.

Alikuwa na jambo moja moyoni. Baba yake, mzee mgonjwa, alikuwa akimwambia tangu ujana kwamba atazeeka akiendesha magari ya watu. Sasa alimpigia simu kumwambia kwamba amepata lake. Mzee akamjibu kwamba ataamini siku atakapolikalia. Basi mpango ukawa huo: aende nyumbani, amweke mzee kiti cha nyuma, ampeleke sokoni wazee wenzake wamwone.

"Shemeji, gari iko poa," aliniambia. "Cheki tu oili na breki. Hiyo safari ni ya mzee."

Niliangalia oili na breki, vilikuwa sawa. Kisha mkono ukaenda wenyewe kwenye thamostati. Nikakuta ina waya. Nikakuta pampu ya maji haina mkanda, inaendeshwa na umeme. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, angefunga boneti akaenda kunywa chai. Mimi niliitoa, nikaziba waya kwa tepu, nikamwaga kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, na kujaza maji ya mfereji. Nilipowasha, nikatafuta mshale wa joto nisiuone, kumbe wameuondoa. Badala yake ikawaka taa ya manjano.

"Na hii taa?" akauliza alipokuja kulichukua.

"Achana nayo. Ni kompyuta inajisumbua. Hizi nyu shepu ziko na kiherehere."

Akacheka. Aliniamini kabisa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku ya safari alinipigia simu akiwa anapanda mlima wa kuelekea Mau Summit, njia ya kwao. "Shemeji, taa imekuwa red. Na gari haina nguvu." Nilikuwa nimelala chini ya gari la mtu mwingine, spana mkononi, simu nimeibana kwa bega. "Wee songa tu pole pole," nikamwambia. "Ni hiyo kompyuta." Sikujisumbua hata kutoka chini ya lile gari. Naye akasonga, kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Injini ilizima kabla hajafika juu. Yeye aliendelea na basi, gari likavutwa mpaka kwangu. Nilipolifungua, kichwa cha injini kilikuwa kimepinda, na oili imechanganyika na maji ikawa rangi ya chai ya maziwa. Hewa ilikuwa imenaswa ndani siku ile nilipojaza maji, pampu ikazunguka bila maji. Baadaye nilisoma kwamba waliolibuni walilijaribu kwenye barafu na kwenye jangwa, na kwamba kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiiamuru ile thamostati ifunguke lini. Walifikiria kila kitu isipokuwa fundi kama mimi.

Aliporudi Nairobi alikuja moja kwa moja gereji. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu ni nini kimetokea. Sentensi moja ingetosha, na nilikuwa nayo mdomoni.

"Hizi nyu shepu ni mbovu kutoka kiwandani," nikasema. "Ningejua mapema ningekuonya."

Uongo huo haukukaa gerejini. Mafundi wenzangu waliubeba, wauza vipuri wakaubeba, na mpaka leo mtu akitaka kununua gari hilo mtaani kwetu anaambiwa alikimbie. Siku moja muuza vipuri alinipa maneno yangu mwenyewe kama ushauri, nami nikamshukuru.

Rafiki yangu aliketi juu ya tairi akaniambia habari za mzee. "Aliniuliza gari iko wapi. Nikamwambia imekufia njiani. Akasema sawa, akageukia ukuta." Mzee hakumaliza mwezi.

Aliniomba niende naye mazishini, nami nikadhani ananitaka nimfariji. Kufika kule nikakuta wajomba wananong'ona kwamba kijana alimdanganya mzee aliyekuwa anakufa, kwamba hapakuwa na gari lolote. Zamu yake ya kusema ilipofika, akashika maikrofoni.

"Kuna mtu hapa alishika hiyo gari kwa mikono yake," akasema. "Ni mtu wa ukweli. Wacha ajisemee."

Nilisimama. "Gari lilikuwepo," nikasema. "Nimeliendesha mwenyewe, na lilikuwa lake." Mjomba mmoja akainamisha kichwa. Ningeweza kuketi hapo, na labda leo ningekuwa nalala vizuri kidogo. Lakini mama yake, aliyekuwa ameketi mbele karibu na jeneza, akanitazama na kuniuliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Sasa mbona haikufika?"

Nilimwangalia rafiki yangu. Alikuwa akiniitikia kwa kichwa, ananitia moyo.

"Ilikuwa mbovu, mama," nikasema. "Ilitoka kiwandani hivyo."

Mama akashusha pumzi, akamgeukia mwanawe na kumpa pole, ile pole aliyokuwa amemnyima tangu alipofika na basi. Naye rafiki yangu akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wote, akanishukuru kwa kumsemea ukweli.