Firigisi Juu ya Piza

Mpishi wa piza hapa Malaba hulichapa donge la unga makofi mawili, hulirusha juu na kulidaka kwa ngumi, huku akipiga mluzi. Kila Jumamosi nafika kabla hajawasha oveni, moyo ukinidunda kama wa msichana. Juzi aliipamba piza yangu kwa firigisi za kuku. Miaka ishirini nilimpikia mume wangu firigisi bila kuonja hata moja, na bado akaleta mwanamke mwingine. Dereva wa lori nyuma yangu akacheka, "Mama, firigisi ni ya mwenye nyumba." Mpishi aliendelea kukata vipande. "Mwenye nyumba ndiye huyu, boss. Wewe ngoja yako." Nilikula nikiwa nimesimama, mafuta yakinichuruzika hadi kiwiko.