Mkia wa -ing

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitukaririsha kanuni moja darasa zima: kitenzi kikifuata before, after, by au without, lazima kiishie na -ing. Yeye aliiita mkia. "Msisahau mkia," alisema, akigonga ubao kwa chaki. Tukaandika after eating, before sleeping, without waiting. Nilipata zote. Yale maneno madogo ya mbele sikuyahangaikia sana, maana alama zilikuwa kwenye mkia.

Likizo ya Pasaka nikarudi nyumbani, nje kidogo ya Ifakara. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mpunga ulikuwa umefika kiunoni na wadudu walikuwa wanatoboa mashina. Ukivuta suke lilikuja mkononi, jeupe, halina kitu. Baba alikuwa amenunua kopo la dawa kwa mtu aliyeshuka nalo kwenye treni. Karatasi yake ilikuwa Kiingereza kitupu.

"Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Hapa panasemaje?"

Palikuwa na sentensi moja kwa herufi nyekundu: Do not enter the field without waiting 2 days after spraying. Nikaitafuta mikia nikaiona, waiting na spraying, kama ubaoni. Without nilijua ni bila. Katazo la mwanzo likanichanganya, nikaliacha.

"Baada ya kupuliza, unaingia bila kusubiri," nikasema.

"Na hiyo mbili?"

"Dawa inafanya kazi siku mbili."

Sikuwa na hakika. Wadogo zangu walikuwa wananitazama, na mama alikuwa ametabasamu.

Baba alipuliza jioni ile. Harufu ilikuja hadi uani, kali, kama vitunguu vilivyooza. Vyura wa majarubani, ambao kwa kelele zao siku zote tulilazimika kupaza sauti ili tusikilizane, walinyamaza. Mama alisimama mlangoni akisikiliza. "Kumetulia," alisema, akaingia ndani.

Asubuhi alikwenda kung'oa mpunga pori, miguu mitupu, maji yakimfika magotini. Nilimpelekea uji saa nne. Samaki wadogo walikuwa wanaelea ukingoni, matumbo juu. Nyangeyange, ndege weupe waliozoea kumfuata mama nyuma nyuma, walikuwa wamesimama kwenye tuta, hakuna aliyeshuka.

"Mama, toka," nilisema.

"Namalizia mstari huu."

Aligeuka kunijibu nikaona mate yanamtoka, naye hana habari. Jasho lilikuwa linamtiririka ingawa kulikuwa na wingu. Alipiga hatua mbili kuja kwangu, akatapika, akakaa chini majini.

Baba na jirani walimpakia kwenye baiskeli, mmoja akisukuma, mwingine akimshikilia. Mimi nilifuata mbio, kopo mkononi. Hospitalini daktari alimfunua macho. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akachukua kopo, akasoma, akamgeukia baba.

"Mzee, aliingia shambani lini?"

"Leo asubuhi. Tulipuliza jana."

"Hapa wanasema usiingie kabla ya kusubiri siku mbili. Nani aliwasomea?"

Baba aliangalia sakafu. "Nilikisia mwenyewe," akasema.

Nilitaka kunyamaza. Nilimsikia mama akikoroma nyuma ya pazia. Kisha nikasema, "Shikamoo, daktari. Nilisoma mimi." Hakunigombeza. Alinirudishia kopo, akaniambia niisome sentensi ile tena, polepole, neno kwa neno, kuanzia Do not. Niliisoma nikilia, na safari hii niliielewa.

Mama alilala pale siku tisa. Aliporudi, mikono ilimtetemeka kiasi cha kushindwa kupepeta. Nilimweleza yote; alikuwa ameshaambiwa.

"Ulidhani unajua," alisema.

"Nilijua kwamba sijui."

Akaniomba maji ya kunywa.

Tulivuna shamba lile hivyo hivyo, kwa sababu hatukuwa na chakula kingine. Siku ya wali wa kwanza, nikiwa nimerudi tena likizo, baba alipakua, akaweka sinia katikati ya mkeka. Wadogo zangu walinawa wakasogea. Baba akawazuia kwa mkono, akala yeye tonge moja, nasi tukakaa tukimwangalia usoni.