Vigelegele vya Malkia

Mimi sisikii vigelegele kama watu wengine. Siku za taifa, gwaride likishajipanga na mgeni wa heshima akianza kushuka garini pale uwanjani Nyeri, mshereheshaji hunyakua kipaza sauti na kusema, "Akina mama, hebu vigelegele!" Akina mama hufumbua vinywa na kupiga ovyo, bila mwanzo wala mwisho, kama kuku walioona mwewe. Mimi hubaki nimekaa na mwavuli wangu, vidole vikijikunja mapajani. Wajukuu wangu hukonyezana. "Shosho anahesabu tena," husema.

Ndiyo, nahesabu. Kwetu vigelegele vina hesabu yake, na asiyeijua anapiga kelele tu. Mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vitano. Wa kike, vitatu. Nani aliyeamua tupunjwe viwili sijui, na nikikutana naye mbinguni, kama alifika, nitamuuliza. Kigelegele cha zamani kilivuka bonde, na watu wa kilima cha pili walijua papo hapo kwamba boma fulani limepata mtoto, ni wa kiume, na mama yake yu hai. Hatukuhitaji gazeti.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa bila kupigiwa hata kimoja.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Tulikuwa tumeondolewa mashambani kwetu, upande wa Gakindu, tukarundikwa katika kijiji kimoja cha vibanda vilivyopangwa kwa mistari. Mtaro ulituzunguka, na juu ya mnara alikaa homgadi mwenye bunduki ya serikali akitulinda, ingawa hakuna aliyewahi kutueleza alitulinda dhidi ya nani. Mume wangu walimchukua mimba yangu ikiwa bado haijaonekana, ingawa nilikuwa nimekwisha kumwambia. Hawakumpeleka mbali. Walimfunga katika kambi iliyokuwa juu ya kilima cha pili, ng'ambo ya mto, akiponda mawe ya barabara. Asubuhi isiyokuwa na ukungu niliona moshi wa jiko lao na kusikia nyundo zao. Lakini kumtembelea hakukuruhusiwa, barua zilikuwa marufuku, na aliyekaribia mto alipigwa risasi kwanza akaulizwa pasi baadaye.

Uchungu ulinishika jioni, kafyu ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Mama mkwe wangu ndiye aliyenizalisha. Mtoto alipolia, alimgeuza kwenye mwanga wa moto, akaona alichotaka kukiona, akavuta pumzi na kufungua kinywa. Jirani aliyekuwa amenishika mgongo aliniacha, akaruka na kumziba mdomo kwa kiganja. Chifu alikuwa ametoa amri: hakuna vigelegele. Serikali, alisema, imegundua kwamba vigelegele ni ishara ya kuwaita watu wa msituni. Kwa hiyo wanawake watazaa kimya.

Mama mkwe akavimeza vyote vitano. Kwa siku nyingi nilimwona akitembea kama mtu aliyemeza kiazi cha moto.

Mtoto alipewa jina la babu yake, marehemu mume wa mama mkwe, kama ilivyo desturi yetu kwa mvulana wa kwanza. Kwa hiyo mama mkwe hakumwita mjukuu. Alimwita mume wangu. "Mume wangu amenyonya?" aliniuliza kila saa. "Mume wangu amenikojolea tena. Haidhuru, hata uzeeni alikuwa hivi hivi." Kisha aligeukia upande wa kambi na kurudia neno lile lile: "Mume wangu hajatangazwa. Baba yake hajui kama amepata mtu au amezika mtu."

Njaa niliizoea na mtaro niliuzoea, lakini jambo hilo lilinikosesha usingizi: kwamba mwanaume wangu alikuwa pale, ng'ambo tu, hajui kama nilipona. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hao hawakuwahi kuzaa wakati wa kafyu.

Basi siku moja chifu alitukuta tukichimba mtaro. Alipanda juu ya lundo la udongo, akatangaza kwamba mwezi wa sita kijiji kizima kitasherehekea siku ya kuzaliwa kwa Malkia.

Mama mkwe aliegemea jembe. "Kwani alizaliwa mwezi wa sita?"

"Alizaliwa mwezi wa nne," chifu alisema. Yeye mwenyewe alikuwa ameelezwa asubuhi hiyo na D.O., mzungu aliyetawala tarafa yetu, na ilionekana bado inamsumbua. "Mwezi wa sita ni kuzaliwa kwake kwa pili."

Wewe unaweza kucheka hapo. Wanawake wazee waliokuwa mtaroni hawakucheka. Kwetu zamani mtoto alizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza alizaliwa kama watoto wote. Mara ya pili, akiwa amekua kidogo, mbuzi alichinjwa, mtoto akalazwa kando ya mama yake, akafungwa naye kwa utumbo wa mbuzi, utumbo ukakatwa, naye akalia kama aliyetoka tumboni sasa hivi. Wamisionari walitupigia kelele kwa ajili ya desturi hiyo hadi tukaiacha. Kumbe wenyewe wanamfanyia Malkia wao!

"Nilijua," mama mkwe alininong'oneza, na uso wake ulijaa huruma ambayo sijawahi kuiona akimwonea mzungu. "Nilijua nao ni watu." Akapaza sauti kumuuliza chifu kama mbuzi amekwisha kupatikana. Chifu alisema kutakuwa na chai na mkate.

Siku chache baadaye D.O. alikuja mwenyewe, kijana mwenye magoti mekundu. Tuliketishwa nyasini kumsikiliza akizungumza na chifu kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya kwa mama yake.

"Mimi nataka mila yenu," D.O. alisema. "Wageni watatoka Nyeri. Nataka waone ngoma."

"Ngoma ulikataza, Bwana."

"Basi, nyimbo."

"Hata nyimbo. Ulisema ati ziko na siasa."

"Basi wazee waje na zile fimbo, watoe baraka."

"Wazee wako kambi, Bwana."

D.O. alikuna goti. "Kwani nyinyi watu hamna mila?"

"Mila tuko nayo, Bwana," chifu alisema kwa unyonge. "Lakini yote iko kwa ile karatasi yako ya kukataza."

Ndipo mama mkwe aliponyanyuka, akajikung'uta nyasi, akamwambia chifu kwa lugha yetu, "Mwambie kwamba mtu akizaliwa hupigiwa vigelegele."

Nilimwona chifu akibadilika rangi. Yeye ndiye aliyepiga vigelegele marufuku, na zaidi ya hapo alijua vizuri vinasema nini. Lakini D.O. alikuwa amekwisha kuuliza mama anasema nini, na mbele ya kijiji kizima ilimbidi chifu afasiri. D.O. akafurahi. Kelele ya furaha! Hiyo ndiyo mila! Apigiwe vingapi?

"Malkia ni mwanamke, Bwana. Ni tatu."

"Na mwanaume?"

"Tano."

Magoti ya D.O. yakazidi wekundu. "Malkia apewe kidogo kuliko mtoto ya hapa?"

Mama mkwe aliketi tena kando yangu, akanifinya paja kwa nguvu hadi mtoto akashtuka mgongoni kwangu. Vitano! Tungevipiga mchana, kwa amri ya serikali, na kule ng'ambo mume wangu angevisikia na kuelewa. Nilianza kumpenda Malkia, nasema kweli. Nilimpenda kwa muda wa kama dakika moja.

"Kwetu," D.O. alisema, "Malkia anapigiwa mizinga. Mingi. Hapa mtapiga kelele ishirini na moja."

Chifu alikokotoa kwa vidole. "Bwana, ishirini na moja ni wasichana saba."

"Wasichana gani?"

"Hao wamezaliwa."

"Nani amezaa wasichana saba?"

"Hakuna mtu, Bwana. Lakini watu wa ng'ambo watasema yuko."

D.O. alimwambia asilete maneno mengi. Ishirini na moja. Nilirudi kibandani nikalia. Sikulilia kitu kingine ila hicho: kwamba mwanaume wangu angesimama na nyundo yake, angehesabu hadi ishirini na moja, na angejua tu kwamba wanawake wa ng'ambo wameshikwa na wazimu.

Mama mkwe hakulia. "Kila mbiu huanza kwa mtu mmoja," alisema. "Na mkubwa kuliko wote hapa ni mimi."

Tulifanya mazoezi kila jioni kabla ya kafyu. Lakini marufuku ilikuwa bado ipo hadi siku yenyewe, kwa hiyo chifu aliamuru tufanye mazoezi bila sauti. Ungetuona! Wanawake wa kijiji kizima tumesimama uwanjani kwa mistari, vinywa wazi, ndimi zikicheza, viganja midomoni, na hakuna linalosikika ila kunguru. Chifu alituongoza kwa bakora, akituhesabia kwa midomo. Homgadi wa mnarani alishuka kuuliza kama tumerogwa. Mwishoni mwa zoezi la mwisho mama mkwe alimsogelea chifu, akamtengeneza kola ya koti kama mama anavyomfanyia mwanawe.

"Siku uliyozaliwa wewe," alimwambia, "ni mimi niliyekupigia vitano. Na kwa sura uliyokuja nayo, vitatu vingetosha. Lakini baba yako alikuwa safarini, ilibidi ajue."

Chifu alitwambia tutawanyike.

Siku ilifika. Bendera ilipandishwa, wageni wakakaa vitini, D.O. akasoma hotuba kuhusu familia kubwa ambayo sisi sote ni watoto wake, na nyuma yake mtaro wetu ulikuwa umejaa miti iliyochongwa ncha kotekote. Kule ng'ambo nyundo zilikuwa kimya. Wafungwa nao walikuwa wamepewa mapumziko kwa heshima ya Malkia. Hilo lilinitia matumaini na hofu kwa pamoja. D.O. alipoinua mkono, mama mkwe akatoka mbele.

Alikipiga cha kwanza peke yake. Sauti ile ya kizee ilipanda, ikatetemeka, ikavuka mto, nasi tukaifuata. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Cha tano. Hapo mama mkwe alishusha mkono. Akatoa kichupa cha ugoro kiunoni, akakigonga, akafungua kifuniko, akajaza pua moja, kisha akafikiri kidogo, akajaza ya pili. Sisi tukanyamaza. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu ananyonya ngumi.

"Kwa nini mama amesimama?" D.O. aliuliza.

Chifu alinitazama mimi, akamtazama mtoto. Kwa mengine mengi sitamsifu chifu yule, lakini hili nampa. "Anapumua, Bwana," alisema. "Ni mzee."

Ndipo ng'ambo ya mto kambi ilipopiga kelele. Zilikuwa sauti za wanaume, nyingi, zikivuma kama jiwe kubwa linaloporomoka, isipokuwa hizi zilipanda. D.O. alivua kofia. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Hata wao!" aliwaambia wageni. "Hata wao wanampenda Malkia!"

Nilipiga magoti nikalia kwa sauti, na sikujali nani ananiona. D.O. aliniona. Aliagiza nipewe mkate wa pili, kwa kumlilia Malkia. Vigelegele kumi na sita vilivyosalia mama mkwe alivipiga haraka haraka, kama mtu anayepura maharagwe mvua ikikaribia.

Tangu siku hiyo alitembea kama mwanamke aliyelipwa. Kiazi kilikuwa kimemtoka. Nami nililala.

Miaka ilipita, na kambi ile ikaanza kuachilia watu. Mwanaume mmoja mrefu mwenye kikohozi alikuja mlangoni kwetu, akasalimu, akaomba amwone mwanawe. Alisema alivisikia vitano kwa masikio yake. Tulimweleza. Alikwenda kijiji cha mke wake akakuta msichana. Wa pili alikuja na pia ya kuchezea aliyoichonga kwa kipande cha mpini wa nyundo. Alimpa mwanangu hivyo hivyo, akasema asiirudishe. Wa tatu alisikiliza, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akakataa uji akaenda zake. Mke wake, niliambiwa baadaye, alikufa na mimba tumboni. Kila aliyeacha mke mjamzito alikuwa amepiga kelele siku ile. Kila mmoja alijipatia mtoto wa kiume.

Mume wangu alirudi wa mwisho. Hali ya hatari ilikuwa imekwisha kuondolewa redioni, ingawa ile amri ya vigelegele hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Alisimama mlangoni, mifupa na koti. Mama mkwe alikuwa akiambua maharagwe, na kabla ya salamu alimuuliza, "Ulisikia?"

"Nisikie nini, mama?"

Walikuwa wamempakia kwenye lori na kumpeleka nchi ya joto, mbali sana kaskazini, siku moja kabla ya sherehe ya Malkia. Kwa miaka yote hiyo hakujua lolote. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alikuwa amezeeka, na kunyanyuka kulimchukua muda. Nilimshika kiwiko akanisukuma. Alitoka nje, akajiweka sawa kama vile wageni wa Nyeri bado wamekaa vitini, akapeleka kiganja kinywani. Mume wangu aliinua mkono na kukunja vidole, kimoja kimoja. Kilipokunjwa cha mwisho aliketi pale pale kizingitini, ngumi mbele ya uso wake, akaitazama.

Mwanangu alisikia kelele akaja mbio kutoka mtoni, magoti matupu, meno ya mbele hana. Alisimama katikati yetu akihema, akamtazama mgeni, akamtazama nyanya yake.

"Nani amezaliwa?" aliuliza.