Saa za Maboksi

Shangazi yangu anasomea PhD ya uuguzi. Amesoma mpaka bibi ameacha kumwombea mume, sasa anamwombea amalize tu.

Likizo ya Juni nilimkatia maboksi ya sabuni yawe duara. Kila moja tulilitia mshale na maneno matatu: kushoto, chali, kulia. Yanatundikwa kitandani. Ukimgeuza mgonjwa asiyejiweza, unasogeza mshale ili anayefuata ajue pa kumgeuzia, asije akaota vidonda kwa kulalia upande mmoja. Wodini, huko Muleba, waliyapenda. Ila chuo kilimtaka Shangazi aonyeshe kwamba yanatumika hata asipokuwepo. La sivyo, utafiti wote kwaheri.

Desemba tukarudi. Vitandani hakuna hata moja! Muuguzi mkuu akaja mbio na funguo, akafungua kabati. Yamepangwa, yanang'aa, yamefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Karibu Daktari wetu, waitu! Tumekutunzia, hakuna hata lililochafuka."

Shangazi akatabasamu kama aliyemeza senene na mabawa yake.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Bakoba nikamwambia, "Wameyafanya kama vikombe ambavyo bibi humwekea mchungaji. Mazuri mno kuguswa."

"Sasa nifanyeje, profesa?"

"Acha kuwa mgeni rasmi. Watengeneze ya kwao, hata yakiwa mabaya."

"Kwa mabaya, wewe ndiye mtaalamu," akanijibu. Lakini kesho yake alibeba maboksi matupu na mikasi, akawaachia wauguzi na ndugu za wagonjwa wakate wenyewe. Mimi nikachora nyuso zilizotoa ulimi. Muuguzi mkuu akachora ng'ombe, akadai ni malaika. Wodi nzima ilicheka, hata mzee mmoja aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya mshono.

Pasaka tukaenda bila taarifa. Maduara kila kitanda, yenye madoa ya uji, mengine yameshonwa kwa uzi. Shangazi akasimama katikati ya wodi, machozi yanamlengalenga. Mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mumewe akamwangalia juu mpaka chini.

"Wewe dada, umekuja kuona wagonjwa au kushangaa? Mshale huo hapo, ni zamu ya kulia. Shika miguu!"

Nikafungua mdomo nimtambulishe. Shangazi akanifinya, akaweka mkoba chini, akashika miguu.