Nge Niliyemleta na Jiwe

Nyinyi mtakaosoma barua hii, mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Kwetu Mugeta, wakati wa kuchuma pamba tulikuwaga tunamlaza mtoto juu ya pamba yenyewe, maana ni laini. Mwaka huu shangazi alimlaza mwanawe hivyo, kivulini, kando ya turubai la kuanikia. Mimi nilitumwa mlimani kuleta mawe ya kulikandamiza lisipeperuke.

Jiwe la mwisho lilikuwa bapa. Nilipolitua nikaona nge ameng'ang'ania upande wa chini. Alikuwa mdogo kama kidole changu cha mwisho, rangi ya udongo mkavu, magando membamba, mkia mnene. Mgongoni alibeba watoto weupe kama punje za mchele, wamebanana. Mchana nge hujificha chini ya mawe, jua lisimkaushe. Mimi nilimtoa huko kwa mikono yangu.

Akakimbia, akaingia kwenye pamba.

Wanawake wa jirani walikuwa wamejaa pale wanachuma. Mimi nikiangaliwa na watu, sauti hukauka. Mtoto akajigeuza, mkono wake ukazama kwenye pamba. Nikamrukia, nikamnyakua. Akalia.

"We! Una wazimu?" shangazi akafoka. "Nimehangaika naye tangu asubuhi ndiyo kwanza alale!"

"Mwache, anataka kunyonyesha," mmoja akasema, wakacheka.

"Nge," nikasema. Hawakusikia. "Nge, shangazi. Nimekuja naye kwenye jiwe."

Kicheko kikakatika. Baba, aliyekuwa akianika pamba upande wa pili wa turubai, akaja akaifukua kwa mpini wa jembe mpaka akamwona, akamponda kichwa, akamtupa porini. Watu wakarudi kazini. Mimi nilimtazama vizuri kabla hajatupwa. Mgongo ulikuwa mtupu.

Sasa pamba ile imejaa chumbani tunamolala, inasubiri kuuzwa. Mchana kutwa nambeba mtoto, wananiita yaya. Akitaka kulazwa, nakung'uta shuka mara mbili, mara tatu. Shangazi hajui kwa nini. Nimejaribu kumwambia, mdomo unagoma.

Kama unajua iwapo watoto wa nge huishi bila mama yao, au kama wanauma wakiwa wadogo hivyo, tafadhali niandikie upesi. Andika kwa herufi kubwa. Barua nitampa shangazi aisome mwenyewe, pamoja na nakala ya hii yangu.