Mtumaji wa Bandia na Jani la Isale

Ujumbe wa msiba wa mwalimu wangu wa kazi uliingia kwenye simu yangu Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya posta hapa Moshi. Niliusoma mara tatu. Kisha nikafanya jambo ambalo ninyi mnaonisoma kila wiki, mnaojua wasiwasi wangu, hamtalishangaa: nilimpigia katibu wa ofisi yetu ya zamani kumuuliza kama ule haukuwa ujumbe wa majaribio. "Hapana, kaka," akasema. "Huu ni wa kweli."

Swali hilo lina historia yake. Nilipotoka chuo niliajiriwa kwenye ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti, na marehemu, mtu wa Machame asiyepandisha sauti, ndiye aliyenifundisha kazi. Tulikuwa tunatengeneza tovuti ya kampuni inayopandisha wageni mlimani. Mgeni akijaza fomu, ukurasa uliwatumia wapagazi ujumbe wa simu: siku fulani, lango la Marangu. Mimi niliandika majaribio ya kiotomatiki, yaani programu inayojifanya mgeni na kukagua kila hatua. Kwa kuogopa nisiambiwe majaribio yangu hayana uhalisia, niliweka namba za wapagazi wenyewe. Sikuwaza kwamba ukurasa ule ulijitafutia wenyewe modemu, kifaa cha kutuma ujumbe wa simu, hata siku ya majaribio. Majaribio yalipita yote, nami nikaenda kula mtori kwa raha.

Kesho yake asubuhi wapagazi watatu walisimama langoni na mizigo yao, mgeni hayupo. Mmoja wao, mtu mzima, alikuwa ameacha msafara wa kampuni nyingine kwa ajili ya ujumbe wangu, tena masika, wakati safari ni za kubahatisha. Nilijua nimefukuzwa. Marehemu aliniuliza tu, "Msomi, ulijaribu programu au ulijaribu watu?" Akanipakia kwenye gari lake tukapanda Marangu, nyumbani kwa yule mtu mzima. Njiani alisimama kwenye ua wa shamba moja, akaomba jani la isale, akanishikisha. Kwa Wachagga, anayekuja na jani hilo amekiri kosa, na si rahisi kumfukuza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniita?"

"Ilikuwa programu, baba."

"Ni programu au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilivaa soksi mbili kwa ajili yako," akasema, akalipokea jani. Marehemu, aliyekwisha kuongea na kampuni, akamwahidi kwamba safari ya kwanza itakayopatikana itakuwa yake. Ikawa hivyo.

Tuliporudi ofisini alifuta mstari mmoja tu. "Ukurasa usijitafutie mtumaji," alisema. "Ukabidhiwe kutoka nje. Siku ya kazi tunaukabidhi modemu. Siku ya majaribio tunaukabidhi mtumaji wa bandia, ambaye kazi yake ni kukumbuka alichoagizwa: nani, maneno gani. Wewe unamkagua yeye, na huko Marangu watu wanabaki na migomba yao." Wataalamu wana jina refu la mtindo huo. Mimi nilikumbuka jani nililokabidhiwa mkononi. Tangu hapo tulimwagiza yule wa bandia hata agome, kama vile mtandao umekatika, tuone ukurasa utamwambia nini mgeni. Makosa yetu mengi yaliishia mikononi mwake, wala hakuna aliyeamka bure.

Nimewaza sana kwa nini watu wa kazi yetu huogopa bandia. Nchi nzima inakimbilia kompyuta, na sisi vijana tunataka tuonekane halisi upesi, hata kama anayelipia uhalisia huo ni mtu mwingine. Marehemu alikubali kuonekana mwenye kuchelewa.

Tulimzika Machame, kando ya kahawa ya baba yake. Yule mpagazi alikuwepo; alikuwa ameteremka kutoka Marangu na kupanda tena upande huu. Nilimwamkia. Akanishika mkono, akasema, "Nilipopata ujumbe wa msiba nilitamani uwe ni wewe tena."

Nimejifunza hivi: kabla ya kujaribu lolote, nijiulize mwisho wa waya nimemweka nani, maana akiwa mtu, atavaa viatu na kuja.